Herufi Ulizozinywa Dunguni

Somoe mwanangu,

Salamu sitaziandika. Ulinisalimia asubuhi nikakuitikia, na magharibi utanisalimia tena ukirudi kusukwa kwa Mama Neema. Najua wanaojua kuandika barua huanza na salamu, wakaja kwenye hali, halafu ndiyo wanataja lengo. Hali yangu unaijua, magoti na mgongo, na lengo nikilichelewesha nitalikimbia. Nimeshalikimbia miaka kumi na tano.

Kalamu hii nimeiazima kwa karani wa stendi. Nimemwambia naandika mkataba. Amenipa kwa mikono miwili. Unamjua baba yako, hata kalamu hawezi kuiazima bila kwanza kujipandisha cheo.

Mambo ya chandarua, ya sabuni, ya nani umpe na nani usimpe begi lako akubebee ukifika Dar, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na anaendelea kuyasema. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja, na liko mezani mbele yangu. Ni ile sahani nyeupe ya mdomo wa buluu, iliyomeguka upande mmoja. Uliiweka chini kabisa ya sanduku, umeifungia ndani ya kanga ya bibi yako. Mchana ulipotoka nimelifungua sanduku nikaitoa. Usimsingizie mtu, ni mimi.

Jana jioni ulipoiomba mbele ya wageni waliokuja kukuaga, nilitaka kusema haipo. Ukanitangulia. Ukasema, "Baba, nipe ile sahani. Nikishakuwa mwalimu nitaiweka mezani darasani. Watoto wa darasa la kwanza wakiogopa herufi, nitawaambia mimi wenzenu nilizinywa." Wageni wakacheka. Nikacheka kuwapita, nikasema chukua, mama, mali yako. Halafu nikamwona mama yako anainuka kwenda kuangalia chungu.

Sijui kama umewahi kuligundua hilo. Kila ninapoisimulia hadithi ya sahani, mama yako huinuka kwenda kuangalia chungu. Jikoni kuwe na chungu kusiwe na chungu, moto uwe umewashwa usiwe umewashwa, yeye huenda. Miaka yote. Jana wageni walipotoka alikuja akasimama mlangoni, mikono ina unga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Somoe, mtoto anaondoka na sahani ya uongo. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi. Na mimi sitamchekesha."

Ndiyo maana naandika. Nikikuambia kwa mdomo nitakuchekesha, nao ndio ugonjwa wangu. Karatasi hainichekei, kwa hiyo huenda nikafika mwisho.

Hadithi ninavyoisimulia unaijua kuliko mimi. Kwamba ulipokuwa mdogo ulishikwa na homa kali, na mimi bingwa nikaketi nikakuandikia kombe. Na kwa kuwa wewe ni mtoto wa mtu, sikukuandikia aya moja kama wale waandishi wa bei ya chini. Nilikuandikia herufi zote, alifu mpaka yee, zikasafishwa kwa maji, ukazinywa, ukapona, na tangu siku hiyo hakuna mtihani uliokushinda. Makondakta wa stendi nzima wanaijua. Mwalimu wenu mkuu aliitaja siku ya mahafali, watu wakapiga makofi, nami nikasimama nikawapungia mkono kama mbunge. Kila mwaka inaongezeka kidogo. Siku hizi ina hadi mamba.

Sasa isikilize isiyo na mamba.

Mimi chuo, cha Kurani, sikumaliza. Nimekuwa nikisema nilihitimu, lakini nilifika pale pa kuanza kuunganisha herufi tu. Mwalimu wangu alikuwa mtu wa bakora na mimi nilikuwa mtu wa miguu. Nikapanda chombo kilichopakia boriti za mikoko, nikaenda zangu. Mombasa nimefika, Lamu nimefika, nimekaa miji ambayo mtu anakunywa kahawa toka asubuhi mpaka jua linatua na anaitwa mfanyabiashara. Kila bandari nilijifunza jambo lilelile moja: kujibu kabla sijaelewa swali. Baadaye kikaja kisomo cha watu wazima, nikaenda na mama yako. Nilifika hatua ya tatu. Ya nne sikuifanya kwa sababu yeye alishanipita na sikupenda kukaa nyuma yake.

Niliporudi Salale, kijijini kwetu kule delta, na hadithi zangu za miji, watu wakaanza kuniita Mwalimu. Sikuwaambia waniite hivyo. Wala sikuwaambia waache. Sura fupi nilizijua kwa moyo, na sauti ninayo, hilo hata wanaonichukia wanakubali. Mkono ndio uliokuwa mtupu. Mkono wangu ulijua herufi moja moja, zimesimama mbalimbali kama nguzo za nyumba kabla hazijapigiwa fito. Lakini siku moja kwenye karamu, kunogesha mazungumzo tu, nilisema mimi kombe naandika. Nilisema mara moja. Kule mtu akisema mara moja inatosha.

Mwaka ulipougua ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa msimu wa mpunga, tumehama nyumba tunakaa shambani juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, kama wote, ili nguruwe na ndege wasitumalizie. Bibi yako, ambaye jina lake ndilo lako, alikuwa dungu la pili, mnaitana kutwa kama majirani wa mjini. Asubuhi moja ukaamka unawaka moto. Kabla jua halijapanda ukaanza kukakamaa, macho yamegeukia juu. Mama yako hakulia. Alikufunga mgongoni kwa kanga, akashuka ngazi, akasimama penye mtumbwi, akaniambia, "Maji yamejaa. Twende Nyamisati zahanati."

Maji yalikuwa yamejaa kweli, Somoe. Ningepiga kafi saa ile, mchana usingetukuta njiani.

Lakini watu wa madungu ya jirani walishasikia na wakaja. Wakasimama pale chini, nguo zimeloa magotini, na mmoja akasema, kwa heshima kabisa, si kwa kejeli, "Sasa mnakwenda mbali ya nini? Mwalimu si yupo?"

Wakageuka wote wakanitazama.

Nimefikiri sana juu ya dakika ile. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, sijui. Mama yako ameshashika mtumbwi, wewe unatetemeka mgongoni mwake, mto uko tayari, na neno lenyewe hata mtoto wa miaka minne analitamka. Nikasema, "Leteni sahani."

Sahani ilikuwa hii, tuliyokuwa tunalia wali. Zafarani aliitoa jirani, iliyobaki kwenye harusi. Nikachonga kijiti, nikawapa watu mgongo, nikakaa kuandika. Nikatafuta aya, sikuiona. Kwa mdomo ningekusomea mpaka jioni, lakini mkono haukujua unaanzia wapi. Basi nikaandika nilichokuwa nacho. Alifu. Bee. Tee. Nikaenda hivyo nikizunguka ukingo mpaka nikafika yee, nikaona katikati pamebaki peupe, nikaanza upya. Moyoni najiambia, kwani Msahafu wote umeandikwa kwa kitu gani kama si kwa hizihizi?

Na niliandika polepole. Hilo ndilo ninaloona haya kuliko yote. Sikuandika polepole kwa sababu sijui, niliandika polepole ili nionekane ninajua. Mzee mmoja akachungulia juu ya bega langu akasema mashaallah. Yule mzee hakujua alifu wala kijiti chake. Na mimi, Mungu anisamehe, ile mashaallah niliifurahia. Mwanangu anakakamaa hatua tatu kutoka nilipo, nami nafurahia sifa.

Tulipomaliza kukunywesha, ikabidi kusubiri, kwani dawa ya namna ile husubiriwa. Tukasubiri. Maji ya delta hayana habari na walimu. Nilipogeuka kutazama, yalikuwa yameshakupwa, na mtumbwi umelala kwenye tope kama kiboko aliyeshiba. Mama yako akalitazama lile tope. Halafu akanitazama mimi. Alilokuwa nalo moyoni hakulisema mpaka jana.

Nikakubeba nikajaribu kukata topeni kwa miguu. Nilijaribu mara mbili, nikazama mpaka kiunoni, watu wakanivuta. Tukangoja maji yarudi. Tulipofika zahanati isha ilikuwa imekwisha kuadhiniwa.

Nesi wa zamu alikuwa Mama Neema. Ndiyo, huyuhuyu ambaye mikono yake iko kichwani mwako ninapoandika. Wakati ule, kabla hajahamia hapa Kibiti, alikuwa mgeni kwetu, mtu wa bara, msalaba shingoni, Kiswahili kimenyooka kama rula. Akaniuliza mtoto kaanza lini. Nikasema mchana huu. Akauliza mmempa kitu chochote. Nikasema hatujampa. Mama yako alikuwa ameketi benchini amekupakata, akasema bila kuinua kichwa, "Ameanza asubuhi na mapema. Amepewa kombe."

Mama Neema hakunigombeza. Alishavuta sindano, akanitazama juu yake. "Baba Somoe," akasema, "dawa ninazo mimi. Ukweli unao wewe. Ukinificha nitamtibu mtoto mwingine, si huyu."

Siku ya tatu ukafungua macho. Ndivyo ulivyopona, mwanangu, kwa sindano. Herufi zangu zilikuwa zimeshatoka tumboni.

Lakini hukurudi mzima. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, tukawa hatujui bado. Tulichokijua ni kuwa umeacha kusema. Wewe uliyekuwa kasuku, unayewauliza hata bata wanakwenda wapi, ukawa unakaa tu na kutazama midomo ya watu. Mwezi ukapita, na wa pili. Nilikuwa nasimama mbele yako napiga makofi, nasema, "Sema baba. Sema baba." Unanitazama mdomoni kama mtu anayetazama dirisha lililofungwa.

Na hapa nina kosa jingine, dogo kwa kulitazama. Nilikuwa nimepiga marufuku Kindengereko, lugha ya kwetu, nyumbani kwangu. Nilitaka mwanangu aongee Kiswahili cha mjini, cha redio. Mama yangu mzazi, huyohuyo bibi yako, akija kukuona namwambia, mama, sema Kiswahili, unamharibu mtoto. Nilimwambia hivyo mwanamke aliyenifundisha kuita maji maji na moto moto, na kuitikia jina langu. Naye alikuwa ananyamaza, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani, hakikutosha kwa mjukuu.

Ndiye aliyegundua. Siku moja kifuniko kilianguka upande wako wa kulia ukageuka. Akakichukua, akakiangusha kushoto. Hukugeuka. Akanijia huku akipangusa mikono, na hakuongea Kiswahili siku ile, aliniambia kwa lugha yake, kwa ukali wa zamani wa nilipokuwa mtoto: huyu si bubu, mnamsemesha kwenye mlango uliozibwa. Tangu hapo akawa anakaa kuliani kwako, anapeta mpunga, anakuhadithia kwa Kindengereko chake. Hakuhadithia mambo ya maana. Alikuambia nani kaoa na nani kaachwa, mkunga gani wa mtegoni ulimponyoka nani, mimi nilivyokuwa najikojolea. Hakukutaka umjibu. Marufuku yangu sikuthubutu kuitaja.

Mpunga ulipokaribia kuisha kuvunwa, nilikuwa nje nachonga kafi, nikasikia sauti ndogo ndani. Imesema maji. Kwa Kindengereko. Niliacha panga likaanguka. Nikakimbia mtungini nikaja na kata imejaa mpaka inamwagika, nakuwekea mdomoni kwa haraka, na bibi yako akaniambia, "Mpe kidogo kidogo, Mwalimu. Hii siyo kombe."

Sijui alijua nini. Hakuwa anajua kusoma. Lakini kwa nini alilitamka vile lile "Mwalimu" sikuwahi kumwuliza.

Nimesikia masheikh wakisema lugha na herufi ni katika vitu Mungu alivyompa mja wake kwa mkono wake mwenyewe, na Mama Neema anasema hata kanisani kwao husemwa hivyo. Sibishani nao, nani mimi. Nakuambia tu nilichokiona kwa macho haya. Herufi nilipewa bure na mimi nikazifanya pambo. Lugha wewe ilikufika ikitoka kwa bibi kizee anayepeta mpunga, na ilikuwa ileile niliyokuwa nimeifungia mlango. Kikaja Kiswahili baadaye, kikaja Kiingereza, ukazisoma herufi kwa mwaka mmoja kama mtu anayekumbuka, siyo anayejifunza. Watu wakasema ni sahani. Nikawaacha waseme.

Ila nimtetee baba yako kidogo, maana bila utetezi siwezi hata kulala. Hadithi ile nilianza kuitunga kwa ajili yako. Tulipohamia Kibiti hapa, enzi za ruksa zimeanza, kila mtu anafungua kibanda, nami nikafungua changu cha soda na mitumba, wewe ulikuwa darasa la pili. Ulirudi unalia, wenzako wanakuita kiziwi. Kesho yake nilikwenda nikakaa njiani wanapopita, nikawaambia mnajua huyu mnayemcheka amekunywa nini? Wakaduwaa. Ndani ya wiki moja walikuwa wanakuomba uwaandikie majina yao kwenye madaftari. Naapa, Somoe, ilikuwa yako. Halafu watu wazima wakaipenda, nami nikaona inanipendeza mimi. Nikakuvua nikaivaa.

Sasa nimechoka nayo. Nimechoka kuliko nilivyochoka kubeba boriti chomboni. Boriti ukifika unaitua.

Miaka mitatu iliyopita nilimwendea Mama Neema, nikamwuliza kwa siri kama tungeyawahi yale maji ya asubuhi, sikio lako lingepona? Alikuwa anachambua mchele. Akafikiri. Akasema, "Sijui, Baba Somoe. Huenda ndiyo, huenda ingekuwa vilevile." Kisha akaendelea na mchele wake. Mtu ana cheti ukutani, kasoma miaka yote ile, anatamka sijui kama anavyokuamkia. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Kwa hiyo hata mimi sijui kama nilikuua sikio. Najua tu kwamba maji yalikuwa yamejaa.

Unakwenda kuwa mwalimu. Mimi nilikuwa wa kuitwa, wewe utakuwa wa kweli. Siku moja watoto hamsini watageuka wote kwa pamoja wakutazame, kama wale watu wa madunguni walivyonitazama. Utakalofanya hapo utalijua wewe, una akili kunizidi. Nimekuambia tu mimi nilifanya nini.

Sahani nimeiosha. Nimeiweka juu ya sanduku, siyo ndani, na barua hii nitaikunja niilaze humo. Ukiichukua, ichukue na tope lake. Ukiiacha sitakuuliza, nitaitumia kulia wali, maana kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo na hiyo iliijua vizuri. Ukitaka kukasirika, kasirika, hata barua usiniletee mpaka moyo utakapopoa. Nitakuwa hapahapa, kibandani, nasimulia mengine. Ya sahani sitaisimulia tena ila nikiulizwa, na nikiulizwa nitaisimulia hii.

Tiketi nimekwenda kukukatia mwenyewe. Nimetaka kiti cha dirishani, kushoto. Kondakta akaniuliza mbona nang'ang'ania kushoto, huku ameshaanza kutabasamu, anangoja nimchekeshe. Nikamwambia mwanangu hasikii sikio la kushoto, kwa hiyo atakayeketi naye awe kuliani kwake. Akaandika namba ya kiti. Ni mara ya kwanza kulisema hivyo tu, bila kulitia chumvi, na watu wa stendi hawakucheka wala hawakushangaa. Waliendelea kupakia ufuta wao.

Nimeisoma barua hii kwa sauti, tangu mwanzo, mama yako ameketi juu ya kinu ananisikiliza. Amenisahihisha mahali pamoja. Amesema topeni sikujaribu mara mbili, nilijaribu mara moja. Nimekumbuka, ni kweli, ilikuwa mara moja. Ile "mbili" nimeiacha kule juu sikuikata, uione, umjue baba yako.

Leo kuna chungu jikoni kweli, cha maharage, na kimeanza kuungua, harufu imefika mpaka hapa mezani. Hajainuka.

Wako akupendaye,
Baba